Mashuka Thelathini na Moja

Wewe uliyelikuta daftari hili, nakuomba sana: lisome peke yako, na ukimaliza usimsimulie mtu. Si mwenzako wa kazi, si mkeo, si mumeo, si hata rafiki unayemwamini kuliko wote, maana na yeye ana rafiki anayemwamini. Mimi si mtu jasiri. Nikiulizwa jambo, uso wangu hujibu kabla ya mdomo. Nina mama, nina bibi, na kazi hii ndiyo inayotulisha sote watatu. Kama huwezi kunyamaza, lifunge sasa hivi, ulirudishe ulipolikuta.

3 Machi

Mvua zimeanza leo saa nane mchana. Nilikuwa napanga funguo kwenye ubao wa mapokezi Meneja aliponiita ofisini. Hoteli inatimiza miaka tisini mwezi wa tano, na kampuni ya mgodi, ambayo ndiyo iliyoijenga na bado inaimiliki, inataka kijitabu cha historia kiwekwe katika kila chumba.

“Wewe ndiye mwenye mwandiko na shule,” akasema. “Kurasa ishirini. Mgeni akisoma aone amelala mahali pa heshima.”

Nikasema ndiyo. Mimi husema ndiyo swali likiwa bado njiani.

5 Machi

Mvua. Ndoo nne katika ukumbi wa dansi.

9 Machi

Historia nimeanza kuichota kwa Mzee Lifti. Lifti yenyewe imekufa miaka kumi na moja sasa, lakini yeye hufika kila asubuhi na sare yake ya vifungo vya njano, anakaa kwenye kigoda mbele ya ule mlango wa chuma. Hakuna meneja aliyethubutu kumwambia aende nyumbani.

“Andika,” akaniambia. “Mawe ya jengo hili yalipanda mlima kwa mabega ya watu. Piano ilifika na miguu miwili, mguu wa tatu alichonga seremala wa mgodini. Mpaka leo ndio huo, na ndio mzima kuliko yote.”

“Na ile taa kubwa ya vioo?”

“Ile ilikuwa inakula umeme wa mgodi. Mashine za shimoni zikiwashwa, taa inafifia. Wakubwa walikuwa wanacheza dansi hapa, taa ikififia wanacheka: zamu imeshuka hiyo! Siku ya maafa, saa nne asubuhi, taa ikawaka ghafla kama jua. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita, nabeba masanduku. Nikafurahi, unasikia? Nikasema leo umeme umekuja vizuri. Kumbe mashine zote zimesimama.”

Akapangusa kifungo kimoja cha sare. Halafu akanigeukia: “Hilo usiandike. La piano andika.”

12 Machi

Mvua. Mgeni wa chumba cha 14 analalamika ukuta unatoa jasho. Nimemhamishia 16. Ukuta wa 16 nao unatoa jasho, lakini yeye hajaona bado.

16 Machi

Jumamosi ya kupumzika. Kifua cha Bibi kimebana tena. Mganga wa zahanati alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye.

Jioni Bibi aliniita kwa utani wake wa siku zote. “Mume wangu, njoo ukae hapa. Hiyo historia unayoandika, na babu yako yumo?”

Nilisema sijafika huko. Sote tunajua babu yuko wapi katika historia: hayupo. Kila mchimbaji alikuwa na vibati viwili vya shaba vyenye namba moja, kimoja shingoni, kingine kwenye ubao wa getini. Akiingia shimoni, kile cha ubaoni kinageuzwa upande mwekundu. Akitoka kinarudishwa mweupe. Miaka hamsini na minane iliyopita shimo la mashariki lilianguka, watu kumi na tisa wakafa. Siku ile ile wachimbaji wengine kumi na wawili hawakuonekana tena. Vibati vyao vilikutwa vyeupe. Kampuni ikasema hao hawakuwemo shimoni, wametoroka kazi. Babu alikuwa mmoja wao. Mama alikulia katika jina hilo. Shuleni walikuwa wanamwita Mtoto wa Mtoro, na wapo wazee wanaomwita hivyo hadi leo bila hata kukusudia ubaya.

“Viatu vyake vizuri aliviacha chini ya kitanda,” Bibi akasema. Amelisema hilo mara elfu. “Mwanamume atoroke pekupeku, na mvua kama hii? Lakini mtu nikimwambia ananitazama tu. Namba yake ilikuwa mia tatu kumi na nane. Sitaki kingine. Nataka kujua kabla sijaondoka: aliniacha, au hakuniacha?”

22 Machi

Meneja amenipa karatasi ya kampuni yenye majina kumi na tisa. “Ukurasa mmoja wa huzuni unatosha. Usizidishe. Mgeni amekuja kulala.”

25 Machi

Mvua. Ndoo saba.

27 Machi

Leo nilikwenda chumba cha kufulia. Mkuu wa dobi tunamwita Shangazi Pasi; hajawahi kupiga kelele, lakini akikutazama mikunjo yako yote inanyooka. Kwenye hoteli hii kila shuka limetiwa namba ya chumba chake kwa uzi mwekundu pembeni, ili shuka la chumba cha 8 lirudi chumba cha 8. Hata sasa, mashuka mengi yakiwa ya viraka, yeye hutia zile namba kwa mkono.

“Nani alianzisha hili, Shangazi?”

“Mwalimu wangu. Dobi wa kwanza mwanamke hapa. Herufi hakuzijua hata moja, ila namba alizijua zote. Kila shuka likitoka anaandika, likirudi anaandika. Alikuwa anasema kwenye kufua hakuna ‘nadhani’.”

“Madaftari yake yapo?”

Akaendelea kukunja. Alikunja mashuka matatu kabla ya kujibu. “Stoo ya juu, nyuma ya magodoro. Kama panya hawajamaliza. Na kama wewe kweli unataka.”

Sikuelewa kwa nini alisema hivyo. Nilisema ndiyo.

2 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu.

Nilipanda stoo ya juu saa tano asubuhi, wageni wakiwa wametoka. Bati linavuja huko, magodoro yamekuwa kama sifongo. Madaftari yalikuwa sita, mawili yameganda kuwa tofali. La nne lilikuwa na mwaka wa maafa. Nikalishusha, nikakaa nalo katika kichumba cha mizigo nyuma ya mapokezi.

Kila ukurasa una safu tatu za kusimama: namba ya chumba, alama ya kutoka, alama ya kurudi. Kurasa na kurasa, kila shuka limekwenda na limerudi, hakuna hata moja lililopotea. Mpaka siku ile. Siku ile safu ya kurudi ni tupu kutoka juu hadi chini, na badala yake pembeni kuna namba nyingine, kubwa kuliko vyumba vyetu arobaini. 2 na 455. 9 na 296. 11 na 107. Nilidhani amekosea. Halafu nikafika mstari wa ishirini na tatu: chumba 27, na pembeni yake 318.

Nikahesabu mistari. Thelathini na moja. Nikahesabu kwa kidole, nikahesabu kwa kalamu, nikahesabu kutoka chini kwenda juu.

Nilikwenda kwa Shangazi Pasi nikiwa nimelificha daftari ndani ya koti. Alinitazama tu, akafunga mlango wa chumba cha kufulia. Akasema, “Waliwalaza kwenye ukumbi wa dansi, sakafuni. Mchana walikuja kuomba mashuka kumi na tisa. Usiku wakarudi wakaomba mengine kumi na mawili, wakamwambia mwalimu wangu asiyaandike. Yeye akasema sawa, akayaandika. Majina asingeweza. Akaandika ile namba iliyokuwa shingoni mwa kila mmoja. Wale kumi na wawili hawakupita mlango wa mbele. Walipita hapa unaposimama, kwenye mkokoteni wetu wa nguo chafu.”

“Kwa nini wao?”

“Walikuwa chini kabisa, kwenye njia ambayo wakaguzi walikuwa wameifunga. Kampuni iliwatuma hivyo hivyo. Sasa mtu afe mahali ambapo kwa maandishi hakutumwa, inawezekanaje? Ikabidi awe ametoroka.”

“Na wewe umejua siku zote?”

“Nilikuwa na namba, mwanangu. Sikuwa na watu wake. Namba ya kibati anaijua mke, anaijua mama. Ningemuuliza nani, na kwa mdomo gani?”

Nimerudi mapokezi, nimekaa. Ninachofikiria si babu. Ninamfikiria yule aliyevigeuza vile vibati kumi na viwili kutoka vyekundu kuwa vyeupe. Mchimbaji hakuruhusiwa kugusa ubao. Aliyeruhusiwa ni karani wa getini. Lazima naye alikuwa na mwandiko mzuri, na lazima naye alisema ndiyo.

3 Aprili

Nimegundua nilichofanya jana na sijala tangu asubuhi.

Katika hoteli hii hakuna kitu kinachohama bila kuandikwa katika kitabu cha makabidhiano. Funguo, mwavuli wa mgeni, kopo la rangi. Miaka mitatu nimefanya hivyo mpaka mkono unakwenda wenyewe. Jana, nikiwa natoka stoo na kitu cha kuficha ndani ya koti, nilisimama mezani nikaandika: “Daftari moja la mashuka, la zamani, kutoka stoo ya juu. Limechukuliwa na karani wa mapokezi. Litarudishwa.” Nikaweka saini. Nikaweka na saa.

Kurasa za kitabu kile zina namba. Siwezi kuchana. Meneja hukisoma kila Ijumaa.

5 Aprili

Ijumaa. Alikiweka kitabu mbele yangu, kidole juu ya saini yangu.

“Soma.”

Nikasoma.

“Mwandiko mzuri. Sasa nieleze, mtu anachukua kitu kwa siri halafu anakitilia saini?”

“Sikuiba, bosi.”

“Najua hukuiba. Mwizi ana akili.” Hakucheka. “Umeona nini humo?”

“Mashuka.”

“Mangapi?”

Uso ulijibu.

Alivua miwani akasugua macho kwa muda mrefu. Nilitarajia afoke, na ningemwelewa zaidi kama angefoka. “Shimo la mashariki linafunguliwa tena mwezi wa saba,” akasema. “Watu mia nne wanasubiri kazi pale. Mashemeji zangu wawili wamo. Likitajwa jambo la thelathini na ngapi sijui, wakaguzi watafunga mpaka tuzeeke. Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nimechoka, kijana. Hilo jengo unaloliandikia historia, mimi ndiye ninayeliwekea ndoo. Jumatatu uniletee daftari. Na kijitabu kiseme kumi na tisa.”

Nikasema ndiyo.

7 Aprili

Nimenakili yote. Namba ya chumba, namba ya kibati, mistari thelathini na mmoja, katika kurasa za mwisho za daftari hili. Nimelinganisha mara tatu. Hakuna “nadhani”.

Yale majina kumi na tisa ya kampuni yana namba za vibati. Nimeyaondoa moja moja. Zimebaki namba kumi na mbili. Moja ni yetu.

8 Aprili

Nimelirudisha. Nililiweka mezani kwa Meneja, na kitabu cha makabidhiano nikakifungua pembeni yake, kama tunavyofanya na kila kitu. Alikuwa anazungumza na fundi wa bati kwenye simu. Bila kukatisha maneno alichukua kalamu akaandika: “Daftari la mashuka, moja, limepokelewa.” Akaweka saini. Akaweka na saa.

Sijui kama nilifanya makusudi. Nimejiuliza siku nzima.

9 Aprili

Leo boila ya maji imechemka kuliko siku zote, na Meneja mwenyewe ndiye aliyeshuka kuichochea. Nimepokea malalamiko matatu ya maji kuunguza. Nimeyaandika na kuomba radhi.

11 Aprili

Mvua. Ndoo tisa. Kila nikipanda nyumbani nasema leo nitamwambia Bibi, nikifika namkuta anakohoa, nasema kesho. Naogopa atapiga kelele jirani wakasikia. Naogopa pia kwamba atanyamaza tu.

14 Aprili

Nimemwambia.

Alikuwa kitandani, amejiegemeza, anakunja soksi zangu. Mama alikuwa jikoni.

“Bibi, nimeikuta namba.”

“Namba ya nani tena, mume wangu? Usiniambie umepata mchumba.”

“Mia tatu kumi na nane.”

Soksi zikabaki mikononi. Nilitoa daftari hili nikamsomea ule mstari, nikamweleza lilikotoka, polepole, sauti ya chini, huku mvua ikipiga bati. Nilipomaliza akasema, “Soma tena.” Nikasoma. “Tena.” Mara ya tatu midomo yake ilikuwa inasema pamoja nami.

“Hicho chumba cha ishirini na saba,” akasema, “kina dirisha?”

“Mawili, Bibi. Moja linatazama mlima.”

“Na shuka lilikuwa zuri?”

“Enzi zile yalikuwa ya pamba nzito. Yalipigwa pasi pande zote mbili.”

“Hakuwahi kulalia shuka lililopigwa pasi,” akasema. “Kulikuwa na pasi wapi, sisi?”

Akainama chini ya kitanda mwenyewe, akanikataza nisimsaidie, akatoa vile viatu katika karatasi yake. Akaanza kuvipangusa kwa ile soksi yangu. Mama alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi, na mwiko mkononi. Bibi hakuinua uso.

“Wewe usilie. Wewe si mtoto wa mtoro. Na kuanzia leo mtu akiniuliza, mimi ni mjane. Mwambieni na yule jirani wa bombani, maana ndiye anayetangaza.”

“Bibi, hatuwezi kumwambia mtu. Nitafukuzwa.”

Nilidhani atanikasirikia. “Haya,” akasema. “Nitakuwa mjane humu ndani.”

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Miaka hamsini na minane alificha aibu isiyokuwa yake, na sasa nimempa ukweli, naye lazima aufiche kwa ajili yangu.

19 Aprili

Mvua. Sina la kuandika.

30 Aprili

Nimekabidhi kijitabu. Kurasa ishirini. Piano ipo, taa ya vioo ipo, mawe na mabega yapo. Ukurasa wa kumi na mbili unasema kumi na tisa. Nimeuandika kwa mwandiko wangu mzuri.

11 Mei

Sherehe. Mvua ilikatika saa mbili kabla, ndoo zikafichwa nyuma ya pazia. Mkubwa wa kampuni alisimama katikati ya ukumbi wa dansi akasoma ukurasa wa kumi na mbili, na watu wakasimama kimya kwa heshima ya wale kumi na tisa. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Nilikuwa najaribu kukisia nani alilala wapi.

Kimya kilipoisha, kabla ya watu kukaa, Mzee Lifti akasema kutoka mlangoni, si kwa nguvu, kama mtu anayetaja ghorofa: “Thelathini na moja.”

“Anasema nini?” mgeni mmoja akauliza.

“Mzee huyo,” Meneja akasema, akitabasamu, “bado anaita vyumba.”

Wakacheka kidogo. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka nao. Halafu nikamwona Shangazi Pasi amesimama na rundo la vitambaa vya meza, hakucheka, ananitazama. Mikunjo yangu yote ikanyooka.

13 Mei

Nilikwenda ofisini bila kuitwa. Ni mara ya kwanza katika miaka mitatu. Nikasema naomba nisihusishwe na kijitabu kile. Jina langu liondolewe mwishoni.

“Na ukurasa wa kumi na mbili?”

“Pale niliandika ulichoniamuru, bosi. Mkono wangu uko kwenye kitabu cha makabidhiano. Na wako.”

Alikitazama kitabu, na kikawa kama kimemtazama naye. Sikumtishia, sauti yangu ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba hakuna mtu ambaye angeiita vitisho. Alikifunga kitabu, kisha akasema kuanzia kesho sitakaa mapokezi, uso wangu haufai mbele ya wageni. Nitakaa dirisha la nyuma, la kupokelea nguo. Hakusema nimefukuzwa. Nadhani hata kufukuza kunataka nguvu.

18 Mei

Anga jeupe. Bibi amekuja hotelini.

Alikuja kwa miguu yake, akipumzika kila kona, Mama akimshika. Alipita mlango wa mbele, amejifunga vizuri. Mzee Lifti alisimama, akafungua ule mlango wa chuma wa lifti mfu, akainama.

“Ghorofa ya ngapi, Mama?”

“Ya pili. Kwani inapanda?”

“Haipandi. Lakini lazima ufunguliwe.” Kisha akampa mkono, wakapanda ngazi pamoja, hatua moja moja, wakigombana nani mzee kuliko mwenzake.

Chumba cha 27 kilikuwa kitupu. Shangazi Pasi alikuwa ametandika shuka jipya. Bibi alikaa ukingoni, akaitafuta ile namba nyekundu kwa vidole mpaka akaipata. Alivitoa viatu kwenye mfuko, akavipanga chini ya kitanda, ncha zikitazama nje. Alikaa dakika kumi hivi akiangalia mlima.

Akaniambia, “Basi sasa nina waume wawili, na hakuna hata mmoja aliyetoroka.”

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilikuwa karibu sana kutoroka. Nadhani anajua.

26 Mei

Viatu bado viko pale. Wageni huulizia, wasafishaji husema ni vya chumba.

Jana mtu mzima alikuja dirishani kwangu na shati moja tu la kufua, wakati shati lenyewe ni safi. Mfukoni mwa shati kulikuwa na karatasi: 296. Sijui nani alimwambia. Namshuku jirani wa bombani. Nilifungua kurasa za mwisho. Nikamrudishia shati na risiti, na kwenye risiti nimeandika: chumba cha 9. Alisoma, akaegemea ukuta. Akaniuliza kama anaweza kulipa kitu. Nikasema shati lilikuwa safi.

Zimebaki kumi.

Kwa hiyo wewe uliyefika hapa: kama kwenu kuna baba au babu aliyesemwa ametoroka siku ile, na yupo mtu nyumbani anayeikumbuka namba yake, usiniandikie barua na usiulize kwa jina mapokezi. Zunguka jengo, upande wa jiko, fuata bomba la mvuke mpaka dirisha dogo lenye fremu ya kijani. Nipo kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa, isipokuwa Jumapili. Leta nguo moja, yoyote. Weka namba mfukoni. Jina usilete, naogopa majina. Ukikuta dirisha limefungwa na mimi sipo tena, mpe nguo Shangazi Pasi. Yeye anajua daftari hili linalala wapi, na ameshajifunza kurasa za mwisho kwa moyo.